Shilingi ya Waziri na Cherehani ya Odilia

Jumatatu, 13 Julai 1998

Wiki hii Bunge linajadili makadirio ya Wizara ya Ujenzi. Hatimaye! Nimenunua betri mpya za redio. Muuzaji pale Mabwerebwere akaniuliza kama nina harusi. Nikamjibu kwamba ni zaidi ya harusi.

Mpango wangu ni huu. Daraja la kutoka hapa Kilosa kwenda Mvumi lilisombwa na mvua za El Nino, na tangu hapo watu wanavuka mto kwa kukunja suruali. Pasaka, mbunge wetu alipokuja kutupa pole, nilimvuta pembeni. Nikamwambia aachane na maswali. Swali hujibiwa kwamba serikali inalifanyia kazi, basi, watu wanakwenda kunywa chai. Atoe shilingi! Mbunge asiporidhika huondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri, na waziri hapitishiwi fungu lake mpaka ajieleze. Mheshimiwa akasema amenisikia, Bwana Kasian. Alinitaja kwa jina!

Daraja likija, mafundi watakuja. Mafundi wanakula. Nani atawalisha? Mimi hapa. Hoteli ya chai na maandazi, pale pale kivukoni. Tangu nipunguzwe kazi ya ukarani kwenye ushirika, wakubwa wanatuhimiza tujiajiri. Haya, najiajiri.

Tatizo ni mbao na mabati. Anazo jirani yangu, Mwalimu Wenceslaus, mstaafu, aliyebomoa banda lake la kuku. Hauzi. Anataka kubadilishana na cherehani, mkewe anaililia siku nyingi. Cherehani tunayo, ya miguu, nzima kabisa. Ila ni ya mke wangu Odilia, na ada ya binti yetu Brightness inatoka humo humo. Odilia yuko Malolo, anamtunza mdogo wake aliyejifungua. Kwa hiyo siwezi kumwuliza. Angekuwepo ningemwuliza.

Alhamisi, 16 Julai

Siku kubwa! Jioni nimeweka redio dirishani, uwanja ukajaa. Hata Mwalimu Wenceslaus alikuja na kiti chake. Nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba ile yake ndefu, ya kukagua kucha.

Bunge likakaa kama Kamati ya Matumizi. Kifungu, kifungu, kifungu. Watu wakaanza kusinzia. Ghafla Mheshimiwa wetu huyo, kasimama! Akasema mama zetu wanavuka na mizigo kichwani, maji kifuani. Akasema asipopata maelezo ya kuridhisha anatoa shilingi kwenye mshahara wa waziri. Mwenyekiti akamwuliza kama anatoa. Anatoa! Uwanja mzima ukalipuka. Kina mama wakapiga vigelegele. Mtu akanibeba juu juu, sikumtambua, lakini namshukuru.

Waziri akasimama kujibu. Nikazima redio.

Mwalimu akahamaki. Akasema ndiyo kwanza mambo yameanza. Nikamwambia betri hazichumwi mtini. Shilingi imetoka, kuna nini tena cha kusikiliza? Akabeba kiti chake akaenda kwake kusikiliza redio yake, tena mbio mbio kwa mtu wa umri ule. Wivu. Anajua ushauri ulikuwa wangu.

Ijumaa, 17 Julai

Nimefanya biashara. Cherehani imekwenda, mbao, nguzo zake na mabati vimekuja.

Mwalimu alinisumbua kidogo. Aliniuliza mara mbili kama niliwahi kusikia mwisho wa ule mjadala. Nikamjibu kwamba mwisho husikilizwa na wale ambao hawakuelewa mwanzo. Akakohoa. Akasema ana jambo la kuniambia. Nikamwambia aliseme kwenye mkutano wa kijiji. Basi akasema jambo moja tu, kwamba nikibadili mawazo mbao zikiwa bado nzima, nizirudishe, na cherehani nitaikuta.

Loo, mtego ule! Anazitaka mbao zake ili ajenge yeye pale kivukoni. Ualimu wote ule na ujanja wake ni huo tu. Nikampa shikamoo nikaondoka.

Pale cherehani ilipokuwa, sakafu imebaki na alama za miguu yake. Nimeweka ndoo juu.

Jumapili, 19 Julai

Nimejenga. Hoteli imesimama! Imeinama kidogo upande wa mto, lakini mteja akikaa haoni. Nimeipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye jeneza la marehemu mjomba, na jina nimeandika mwenyewe: DARAJA HOTELI.

Jioni akaja Sempele na ng'ombe wake. Sempele ni mfugaji, boma lake liko ng'ambo, mtu mpole, anapitisha mifugo hapo tangu baba yake. Akazunguka hoteli, akaitazama. Akasema ni nzuri, ila iko njiani. Nikamwambia njia itahamia darajani. Akauliza daraja liko wapi. Nikamweleza habari ya shilingi tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza kama huyo waziri ana watoto. Nikasema bila shaka. Akasikitika sana. Akafungua kifundo cha shuka lake, akatoa sarafu ya shilingi, ile ambayo siku hizi hata pipi hainunui, akaniomba nimfikishie. Akasema si vizuri mtu mzima kudhalilishwa mbele za watu kwa shilingi moja.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimeiweka mfukoni, nimwonyeshe Mheshimiwa.

Jumatano, 22 Julai

Hoteli imefunguliwa. Mafundi bado.

Nilikanda maandazi ya kutosha kikosi kizima. Nimekula mengi, mengine nimegawa. Mteja wa kwanza alikuwa Naipanoi, mke wa Sempele, ambaye si mteja. Aliomba kivuli aweke vibuyu vyake vya maziwa. Nikamkaribisha, maana hoteli ikiwa na mtu huvuta watu. Kweli watu wakavutwa. Wakanunua maziwa, wakakaa kwenye benchi langu, wakanywa, wakanisifia rangi ya buluu, wakavuka mto.

Mchana ng'ombe walipita. Fahali mmoja akaona nguzo ya kona, akaanza kujikuna. Nilimfukuza kwa mwiko. Akaja mwingine. Sempele aliniomba radhi, akasema kupe wamezidi tangu dawa ya josho ianze kuuzwa badala ya kutolewa bure, na nguzo yangu ina magamba mazuri. Walijikuna kundi zima! Hoteli sasa imeinama upande wa barabara, na mabati mawili yamekunjika. Si neno. Mainjinia wakija watainyoosha.

Ijumaa, 24 Julai

Habari njema! Karani wa ofisi ya kata amesema Mheshimiwa anakuja jimboni kesho, atapitia Mikumi, na atasimama kula pale kwenye hoteli za barabara kuu. Nitamwahi huko huko. Mwalimu Wenceslaus atakuwa amejipanga hapa Kilosa na hotuba yake ya makaribisho. Atamkuta Mheshimiwa ameshatekwa!

Nitamwuliza mafundi wanafika lini. Odilia anarudi wiki ijayo. Nikiwa na tarehe ya mafundi mkononi, habari ya cherehani itakuwa nyepesi. Nimefanya mazoezi ya kumweleza mbele ya kioo. Kioo kimeridhika.

Jumamosi, 25 Julai

Sina raha kuandika, lakini naandika.

Nilifika Mikumi juu ya lori la mkonge, nyuzi mpaka masikioni. Gari la Mheshimiwa lilikuwa limeegeshwa. Nikaingia. Mheshimiwa alikuwa mezani, anakula wali na kuku. Na pembeni yake, na kikapu chake, anakula wali na kuku, Odilia!

Yesu na Maria. Nilitaka kurudi juu ya mkonge.

Kumbe mdogo wake amepata nafuu mapema. Odilia alishuka Mikumi na basi la kutoka Malolo, akaliona gari la mbunge, akamwamkia, akaomba lifti. Kwa mtu kama Odilia mambo huwa mepesi hivyo. Mheshimiwa akanikaribisha kiti, akamwambia Odilia kwamba mumewe ni mtu wa mawazo. Odilia akasema analijua hilo.

Nikatoa sarafu ya Sempele. Nikamweleza Mheshimiwa kwamba wananchi wanamwonea huruma waziri, ila mimi nasema akaze kamba, shilingi asiirudishe mpaka mafundi wafike. Mheshimiwa akaacha kutafuna. Akasema mbona aliirudisha siku ile ile! Waziri alijieleza vizuri tu, kwamba daraja litatazamwa fedha zitakapopatikana, naye akashukuru kwa maelezo, akarudisha shilingi, kifungu kikapita. Akasema ndio utaratibu wa Bunge, Bwana Kasian. Wote hufanya hivyo. Wangekuwa hawarudishi, mawaziri si wangekuwa hawalipwi?

Odilia akasema hata wao kule Malolo walisikia. Redio ya shemeji yake. Waliisikiliza mpaka mwisho.

Njia nzima ya Kilosa nilikaa nyuma. Odilia alikuwa amenunua vitambaa Mikumi, kimoja cha sare ya Brightness, kimoja cha magauni ya kichanga. Alivipakata. Alikuwa anamweleza dereva jinsi atakavyokata, atakavyoweka pindo ili sare ifae na mwaka ujao. Sijawahi kumsikia ana furaha namna ile. Nilitamani gari lipate pancha. Halikupata.

Tulipofika aliingia ndani, akasogeza ndoo ili aweke vitambaa. Akaona zile alama sakafuni.

Hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akavua viatu, akaniuliza Brightness atarudi shule amevaa nini. Nikaanza yale maelezo ya kwenye kioo. Yaliishia njiani. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli. Bora angenitupia sufuria.

Jumapili, 26 Julai

Baada ya misa Odilia alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Wenceslaus. Mimi nilibaki nyuma ya ua.

Mwalimu si mtu mbaya, alisema cherehani ipo na neno lake halijabadilika. Mbao zirudi nzima, cherehani irudi. Tukaenda wote watatu kivukoni. Nguzo tatu zimevunjika, mabati yamekunjika mithili ya chapati. Ndani, Naipanoi alikuwa anauza maziwa kwa utulivu kabisa. Mwalimu akatazama. Odilia akatazama. Mimi nikatazama mto.

Wamekubaliana hivi. Odilia atakwenda kwa Mwalimu kila asubuhi, atamfundisha mke wa Mwalimu kushona, na saa zinazobaki atashona kazi zake mwenyewe, mpaka mimi nipate mbao nyingine. Yaani mke wangu anakwenda kubisha hodi kwa watu ili akalie cherehani yake! Mwalimu akamwambia pia kwamba aliniuliza mara mbili kuhusu ule mwisho. Hakuwa na haja ya kulisema hilo.

Jumatatu, 27 Julai

Odilia ameondoka asubuhi na vitambaa vyake chini ya kwapa. Kaniaga vizuri tu. Kaniachia uji. Sauti ya cherehani naisikia kutoka kwa jirani. Inauma, sisemi uongo.

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu makosa yangu yalikuwa wapi. Nimeyaona. Nguzo! Nilitumia nguzo zenye magamba. Nguzo laini, ng'ombe hajikuni.

Nikafungua redio ili kupoza mawazo. Kipindi cha maswali. Na Mheshimiwa wetu huyo, karudi bungeni, kasimama tena, kauliza habari ya daraja letu! Moyo ukaruka. Naibu Waziri akajibu kwamba serikali inatambua kero ya wananchi wa Mvumi, na kwamba mwaka huu wa fedha wataalamu walikuwa wamepangiwa kufika kupima eneo hilo, lakini...

Nikazima. Betri zimeanza kulegea, na nilichokitaka nimeshakipata. Wataalamu wanakuja! Wapimaji nao wanakula, tena hawa ni watu wa ofisini, watataka na vitambaa vya meza.

Nguzo laini anazo seremala Kondo. Nimeshampitia. Anasema mkewe anatafuta pasi ya mkaa. Ya Odilia iko pale rafuni, imetulia, na sasa hivi si anashonea kwa Mwalimu? Huko lazima wana pasi yao.

Ningemwuliza, ila yuko kazini.