Programe ya Mukono juu ya Mukono

Bwana Mukubwa wa Teritwari, Bwana Daktari, mapadri wetu, masheikh wetu, masultani wa Kasongo na wa Kabambare, makapita, mabibi wenye viti na mabibi wenye kukaa kwa majani, na ninyi wauguzi wapya ishirini na wane, wenye nguo nyeupe zisizoona damu bado: salamu, kila mutu kwa cheo chake! (Makofi.)

Mimi Antoine, Muguzi Mukubwa, Prezida na tena Sekretere wa Komite ya Kupokea Wauguzi Wapya, mutoto wa mulimaji, ambaye hakuna mutu alimushika mukono, nitasema kwa ufupi, kurasa kumi na moja tu. (Miguno.) Mwaka wangu wa kwanza walinituma Kabambare peke yangu, nipapase shingo za watu, nitafute tezi za ugonjwa wa usingizi. Siku moja nilipapasa shingo mia tatu na kumi na mbili, nikaandika wagonjwa mia tatu na kumi na mbili, sababu hakuna aliyenionyesha shingo isiyo na ugonjwa iko namna gani. (Kicheko.) Mucheke tu! Daktari alitembea siku ine kwa miguu, akakuta wagonjwa tisa tu.

Ndiyo maana, kwa akili yangu mwenyewe, nilianzisha Programe hii, ambamo kila mupya anakaa siku sitini na muguzi muzee, mukono wa muzee juu ya mukono wake, jumla siku elfu moja mia ine na makumi ine, na kwa raporo niliyoandika juu yake nilivalishwa medali hii munayoiona. (Makofi. Muguzi mupya Faradji anasimama: "Papa Antoine, kesho naenda Lusangi. Muzee wangu ni nani?")

Swali zuri, mwanangu. Ni Zuberi. (Sauti: "Zuberi tulimuzika Nyangwe!") Basi, Michel. ("Michel iko anauza samaki!") Jamani! Majina niliyatoa kwa rejista ya zamani. Wazee wenyewe sijawauliza, hata mumoja.

Tuseme wote: Muguzi mupya hatakaa peke yake! (Watatu wanaitika.) Namushukuru Bwana Daktari aliyetia sahihi bila kusoma, na ninyi muliokuja kushangilia Programe isiyopata kuwako hata siku moja.

Faradji, ukifika Lusangi, usianze na wale waliolala. Anza na watoto wanaocheza mupira, upapase shingo makumi tano, mukono uzoee shingo zisizo na ugonjwa kwanza. Programe yote ni hiyo.