Uchifu Wangu Ulivyoisha Saa Tisa Mchana

Jamani, mie ni mjinga. Leo nimedanganya kuhusu ukoo wangu, tena mbele ya mtu anayesomea mambo hayohayo.

Hapa Mabibo tunapopanga wananiita Chifu. Jina nilijipa mwenyewe, mwaka wa nne huu, kwa sababu babu mzaa baba alikuwaga anavaa kofia ya serikali kule Newala, na watu wakimwogopa. Uchifu una faida zake: zamu ya kufagia uwanja hainihusu. (Chifu na ufagio wapi na wapi?)

Basi mchana nimejilaza kwenye mkeka barazani, nimeshiba ugali na dagaa. Kutoka nyumbani mie siwezi, jua linanionea. Upepo unapandisha pazia, unalishusha. Unalipandisha tena. Uani mtu anafua, ndoo inadunda du, du, du. Kwangu zile ni ngoma za kunisimika. Nimebebwa kitini juujuu, naelea juu ya mabati, Mabibo nzima vigelegele, hata mawingu yananipisha...

"Kaka, samahani."

Nikafumbua jicho moja. Binti wa chuo, katoka hosteli za hapo jirani, daftari mkononi. Anasomea anthropolojia, anauliza watu jinsi kwao walivyotawaliwa zamani.

"Umefika penyewe," nikamwambia bila kuinuka. "Unaongea na mjukuu wa Chifu wa Wamakonde wote."

(Wote! Si nilikuwa bado naelea.)

Kalamu ikasimama. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Kaka, wataalamu walizigawa jamii: zenye machifu na zisizo nao. Wamakonde wamo kwenye zisizo nao. Kila kijiji kilikuwa na mkubwa wake, basi. Mkoloni hakulipenda hilo, alitaka mtu mmoja wa kumtuma. Akikosa chifu, anamtengeneza."

"Basi babu yangu alitengenezwa vizuri!"

Ndoo ikanyamaza. Anayefua kumbe ni Bi Somoe, jirani yangu wa chumba cha pili, mzaliwa wa hukohuko Newala.

"Babu yako nani?" akauliza, mapovu yanamchuruzika viwikoni.

Nikalitaja jina, tena kwa madaha.

"Alaa! Yule jumbe?"

Binti akafungua ukurasa mpya haraka. (Wangu hata nusu haukufika.)

"Mie nilikuwa mtoto," Bi Somoe akamwambia. "Bwana shauri, yule mzungu wa wilaya, ndiye aliyempa kofia, amkamatie watu wa kulima barabara. Jumbe akikohoa tu njiani, baba yangu na wanaume wote wanahamia porini. Sie tunabaki na mama, tunasema hatujui walikokwenda."

Wapangaji wakaanza kuchomoza milangoni, mmoja mmoja. Mama Neema wa chumba cha mbele akaniuliza, uso mkavu: "Kwa hiyo, braza, Jumamosi unafagia wewe?"

Nikakaa kitako. Uchifu wangu unaondoka hivihivi nauona! Nikajitetea, sauti imekonda kama uzi: "Lakini Bibi, watu wazima kukukimbia, si ndiyo heshima yenyewe hiyo? Si ndiyo uchifu?"

Bi Somoe akakamua shuka taratibu, akalikung'uta.

"Mjukuu wangu, kama kukimbiwa ndiyo uchifu, basi hata mbwa mwenye kichaa ni chifu."