Mkwe wa Mwokaji

Jumatatu, 4 Machi

Nimebaki peke yangu kwenye kochi la watu watatu. Raha iliyoje. Ninaweza kunyoosha miguu.

Kwa kumbukumbu: jana jioni, wakati wa Chumba cha Pembeni, nilisahihisha neno moja tu. Chumba cha Pembeni ni tamthilia ya polisi wanaoshughulikia makosa yale ambayo watu huyasimulia kwa kunong'ona. Ina umri wa miaka kumi na saba. Inspekta wake, mwanamke, anavaa koti lile lile la kahawia tangu msimu wa kwanza, na waliotia sauti za Kiswahili wanafanya makosa yale yale. Jana Inspekta alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema kwamba mtuhumiwa ni... Nikaeleza, kwa sauti ya kutosha, kwamba huyo bado si mtuhumiwa, kwa kuwa hakuna aliyemtuhumu. Ni mshukiwa. Akituhumiwa atakuwa mtuhumiwa, akifikishwa mahakamani atakuwa mshtakiwa. Nilipomaliza, jina lilikuwa limekwisha kutajwa na matangazo ya sabuni yalikuwa yameanza.

Mke wangu hakugomba. Alichukua mto wake. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu miguu ilipoanza kumsumbua, alichukua fimbo yake. Wametangaza kwamba kuanzia leo watatazama kwa Kinyozi, ghorofa ya chini. Kinyozi ana televisheni pana kama mlango, na hasahihishi mtu.

Sijali.

Lakini niseme hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Mchana kutwa mke wangu yuko kwenye cherehani yake. Akimaliza kula, analala. Ile saa moja ya tamthilia ndiyo pekee ambayo huketi kando yangu, na taa za korido ya kwenye tamthilia zikizimika ghafla hunishika mkono. Basi nitamrudisha. Kwa hila, si kwa kuomba radhi. Neno lilikuwa na kosa.

Jumanne, 5 Machi

Hila imepatikana. Kinyozi hawezi kumfukuza mteja. Nitakwenda kunyolewa wakati wa tamthilia, niketi humo kwa haki kamili.

Kasoro ya mpango: sina nywele. Kichwa changu ni laini kama sahani tangu kabla sijastaafu ualimu. Lakini nina masharubu.

Duka lilikuwa limejaa. Mke wangu kwenye kiti cha kwanza kati ya vile vitatu vinavyozunguka. Mama mkwe kwenye cha pili, miguu juu ya kigoda. Majirani kwenye benchi. Kinyozi mwenyewe wanamwita Inspekta Mdogo, eti kwa sababu humtaja mhalifu kabla ya matangazo ya pili. Aliniketisha kiti cha tatu, kisogo kwa televisheni, uso kwa kioo. Nikatazama kila kitu kinyume. Inspekta alikuwa mashoto. Milango yote ilifungukia upande mbaya.

Kinyozi alikuwa amemaliza sharubu la kulia pale mwanamke aliyeumizwa alipoanza kusimulia yaliyompata. Wembe ukabaki hewani. Nilimkumbusha kwa adabu kwamba binadamu kwa kawaida ana masharubu mawili. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mtu analia pale." Tamthilia ilipokwisha Kinyozi alijifuta macho kwa taulo, taulo langu, akazima taa na kufunga duka.

Nimepanda ngazi na nusu ya masharubu. Mke wangu amesema kwamba kulia mimi ni kijana na kushoto ni mstaafu. Akamwomba yule wa kulia amsaidie kubeba mto.

Jumatano, 6 Machi

Kinyozi amenimalizia sharubu asubuhi, bila kuomba msamaha. Uso wangu sasa unafanana na yai.

Nilipokuwa nakunywa chai nilimuuliza mke wangu, kwa lugha ya utafiti, ni raha gani wanayopata katika mambo machungu kiasi kile. Msimu baada ya msimu, mtu ameumizwa, mtu ametishwa asiseme. Kuna vichekesho. Kuna vipindi vya wanyama.

Hakuacha kushona. Amesema hatazami uchungu. Anatazama kile kiti. Katika kila sehemu Inspekta huvuta kiti, akaketi chini kidogo kuliko yule aliyeumizwa, akamwambia kwamba ana muda. Halafu mtu anasema. Anababaika, anarudi nyuma, anachanganya siku, na hakuna anayemkatiza wala kumsahihisha. Wakimaliza kumsikiliza, wanainuka, wanavaa makoti, wanakwenda kumtafuta aliyemfanyia. Ndani ya saa moja wamempata. Akaniuliza ni wapi pengine nimewahi kuona jambo hilo.

Nilitafakari kwa kina. Nikamwambia kwamba aseme "ndani ya muda wa saa moja", maana peke yake "ndani ya saa" ni mahali betri inapowekwa.

Amefunga mlango wa chumba cha kushonea. Sielewi.

Lakini leo nina bahati. Baadaye, nikitafuta taarifa ya hali ya hewa, nikakuta kituo kingine kinarusha Chumba cha Pembeni asubuhi. Nikatazama mpaka mwisho, kwa ajili ya sarufi. Mhalifu alikuwa mwenye nyumba. Jioni nikalaza sikio sakafuni, juu kabisa ya duka. Nikamsikia Kinyozi akipiga kelele kwamba ni mwenye nyumba, na benchi zima likimshangilia.

Sehemu ile ile. Wao wanaipata jioni, mimi ninaipata asubuhi. Nimecheka peke yangu sakafuni kwa muda mrefu.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi!

Asubuhi, mara tu mke wangu alipompeleka mama yake kliniki ya miguu, niliwasha televisheni. Nakiri kwamba nilipandisha sauti. Nakiri pia kwamba daftari la makosa ya sarufi lilianguka na sikuliokota. Mhalifu ni daktari wa meno. Mpole, mwenye miwani, anayempa kila mtu glasi ya maji. Nilimzomea.

Jioni nikashuka dukani kama mpita njia. Nikasimama mlangoni. Tamthilia ilikuwa bado changa, hata ushahidi, yaani simu iliyovunjwa, ulikuwa haujapatikana. Nikasema taratibu kwamba mimi ningemwangalia daktari wa meno.

Kinyozi alicheka. Aliuliza tangu lini Mwalimu akajua meno, wakati mengine ameyaacha darasani. Benchi likacheka naye. Yeye alikuwa na hakika kwamba ni dereva.

Hakuwa dereva.

Duka lilinigeukia lote, viti vyote vitatu vikazunguka kwa pamoja. Jirani mmoja aliniuliza nimejuaje. Nikasema mtu akizoea kuchambua sentensi, kuchambua watu ni jambo dogo. Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tulipokuwa wachumba. Alisogea, nusu ya kiti chake ikawa wazi. Nikaketi. Kiti kikazunguka. Tulizunguka wote wawili, wazima wazima, tukicheka, kama watoto ambao wazazi wao wametoka.

Kinyozi alikuwa anasafisha kitana kisicho na uchafu. Ananishuku. Yaani mimi ni mshukiwa wake. Natumia neno hili kwa usahihi.

Ijumaa, 8 Machi

Nitajaribu kuandika kwa utulivu.

Asubuhi, mke wangu na mama yake wakiwa sokoni, nilikuwa mahali pangu, sauti juu. Kesi: msichana anayefanya kazi kwa mwokaji wa mikate amepigwa, akafungiwa ghalani, akatishwa asiseme. Nilikuwa nimesahau chai. Inspekta akavuta kiti. Inspekta akainuka. Inspekta akavaa koti. Mlango wangu ukabishwa.

Alikuwa Kinyozi. Alitaka kujua, kati yetu wanaume wawili, nilimjuaje yule daktari wa meno. Nilisimama katikati ya mlango kumziba macho. Nikamjibu kuhusu vishazi tegemezi. Nyuma yangu, katika kelele zote zile, nilisikia sentensi moja tu ya Inspekta, safi kabisa: "Ni mkwe wa mwokaji." Kisha muziki wa mwisho.

Sentensi moja yanitosha. Katika nyumba ya mwokaji kulikuwa na bibi mmoja mwenye fimbo, mama wa mke wake, anayeketi pembeni na kutazama kila kitu. Mkwe wa mwokaji. Kesi imefungwa.

Jioni watu walikuwa wamesimama hadi nje. Habari zangu zilikuwa zimeenea. Mke wangu alikuwa ameniwekea nafasi na mto. Nikaombwa niseme. Nikapanda juu ya kigoda. Nikasema kwamba mhalifu ni mama mkwe, na kwa kuwa nilikuwa nimechangamka, nikatoa sababu. Nikasema mtazameni: anatembea kwa fimbo, lakini hafiki kamwe mahali penye kazi. Miguu inamuuma mchana, jioni imepona. Alikuja kwa mkwe wake kupumzika kidogo, na hadi leo hajataja siku ya kuondoka. Watu wa namna hii, nikasema, huficha mengi.

Kiti cha pili kikazunguka, polepole, kikikwaruza, mpaka mama mkwe wangu akawa ananitazama uso kwa uso. Fimbo mapajani. Miguu juu ya kigoda kingine.

Tulitazama tamthilia.

Alikuwa mume wa binti wa mwokaji. Kijana wa tai. Naye ni mkwe. Yule bibi wa fimbo, mama mkwe wa mwokaji, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumwamini msichana. Alikuwa ameketi naye ghalani, akimshika mkono, kabla polisi hawajafika.

Nikasema, na sijui kwa nini nilisema, kwamba asubuhi Inspekta alitaja mkwe tu, hakufafanua.

Kinyozi aliuliza ni asubuhi ipi hiyo, Mwalimu.

Halafu akaniomba, mbele ya wote, niwafundishe: neno mkwe ni nani na nani? Nikafundisha. Baba wa mke. Mama wa mke. Baba wa mume. Mama wa mume. Mume wa binti. Mke wa mwana. Benchi lilikuwa linahesabu kwa vidole. Mke wangu alikuwa ameshainuka na mto wake.

Jumamosi, 9 Machi

Hakuna anayesema nami. Nimesema na birika.

Alasiri mama mkwe aliniita roshani, alikokuwa anakunja nguo. Aliniamuru nilete kigoda. Nilipokileta alinielekeza niketi mimi, yeye akabaki juu kwenye kiti chake. Akasema ana muda.

Nilieleza kwamba yale ya jana yalikuwa uchambuzi wa jumla wa mhusika. Akangoja. Nikaeleza kwamba kutazama asubuhi kulikuwa utafiti wa lugha. Akakunja shuka. Nikaeleza kwamba Kinyozi alinichokoza. Akasema kwamba katika miaka kumi na saba ya Chumba cha Pembeni amejifunza jambo moja: anayetoa sababu tatu ana ya nne.

Kisha akaniuliza, "Unataka mwanangu arudi kwenye kochi?"

Nikasema sentensi hiyo ina utata, kwa kuwa hata mimi yeye huniita mwanangu.

Akangoja. Upepo ulikuwa unapuliza soksi. Mama mkwe huyu anaweza kungoja hata wiki.

Nikasema ndiyo. Nikasema nyumba imekuwa kubwa mno. Nikasema, na hii isitoke hapa, kwamba sijui la kuzungumza na mke wangu isipokuwa makosa, na kwamba jioni, taa za korido zikizimika, huwa sina haja ya kuzungumza.

Alinipa ncha mbili za shuka nishike, tukalikunja pamoja. Akasema yale ya miguu amesamehe, ila ya kutotaja siku ya kuondoka ni kweli, na hataitaja. Halafu akatoa hukumu. Kesho watarudi kutazama hapa juu, maana mshukiwa ni heri awe karibu. Lakini kuanzia muziki wa mwanzo hadi muziki wa mwisho nisiseme neno hata moja. Kutoka chumba cha kushonea, sauti ya mke wangu ikaongeza kwamba nisinong'one pia.

Nimeahidi. Neno hata moja.

Jumapili, 10 Machi

Kochi limejaa. Mke wangu kulia kwangu, mto wake, bega lake. Mama mkwe kushoto. Kinyozi amekuja na kiti chake mwenyewe, eti dukani leo hamna watu. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemfukuza.

Sikusema neno. Inspekta alivuta kiti, sikusema. Taa za korido zikazimika, mke wangu akanishika mkono, nikawa mtu mwenye furaha kuliko wote waliostaafu. Polisi mmoja akasema "hichi kisu". Kitu kiliwaka kifuani. Nikanyamaza. Akasema wamengoja "masaa mengi". Jasho. Nikanyamaza. Mke wangu alinibana vidole, kunisifu.

Ndipo Inspekta akasema mtuhumiwa.

Nikakohoa.

Ilinitoka tu. Lakini mara moja niliona uzuri wake. Niliahidi kutosema neno, na kikohozi si neno. Ninachozungumzia si jina kikohozi, ambalo lina ngeli yake, bali sauti yenyewe. Haina mzizi. Haina kiambishi. Kamusi yoyote itaniunga mkono. Basi nikaweka utaratibu: kikohozi kimoja kwa upatanisho, viwili kwa wingi uliokosewa, vitatu vya mfululizo kwa mtuhumiwa. Nilisahihisha sehemu nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kuvunja ahadi.

Mke wangu ameingiwa na huruma. Aliinuka katikati ya mahojiano, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniletea maji ya vuguvugu. Akanipapasa mgongo. Akasema kesho atanifunika blanketi na kuketi karibu zaidi, maana kifua hiki hakipendi baridi. Mama mkwe alinitazama kwa muda mrefu, lakini huyo hutazama kila mtu hivyo.

Nimelala chali, nimepakwa dawa ya kifua hadi shingoni, na sina ugonjwa wowote. Njia hii ina kasoro moja tu: haitoshi kwa nyakati za vitenzi. Kesho nitaongeza chafya.