Jinsi Nilivyowajengea Watu wa Kigombe Kliniki

Jumatatu, 3 Juni 1957. Mabawa, Tanga

Likizo ndefu imeanza, na mimi nimeanza kuwa mtu mashuhuri. Ni vile watu hawajajua tu.

Mwalimu wetu wa chuo, kule Kampala, alituagiza kabla hatujaondoka. Kila mwanafunzi aende akawatumikie watu wa kwao, ajifunze kwao, kisha arudi aeleze. Atakayefanya jambo la maana kuliko wote atahutubia chuo kizima siku ya kufungua muhula, mbele ya wageni wenye kofia. Aliendelea kusema mambo mengine, kuhusu kusikiliza na unyenyekevu, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuchagua tai.

Mpinzani ni mmoja tu. Noorali, mwana wa Mzee Esmail mwenye duka la nguo Ngamiani. Tunasoma darasa moja. Ana tabia mbaya sana: watu humpenda bila yeye kujitahidi.

Mama ameniuliza nitawatumikia akina nani. Nikasema watu wa Kigombe. Akauliza watu wa Kigombe wana shida gani. Nikasema nitawaambia nikifika. Akashusha pumzi, akasema kama ni kutumikia watu nianze kwa kumtekea maji. Nimemweleza kwa upole kwamba hayo si maendeleo, hayo ni kazi za nyumbani.

Jumatano, 5 Juni. Kigombe

Nimefika kwa basi la Pangani. Nimevaa suti. Joto! Nimepokewa na Mzee Idarusi, aliyefanya kazi na baba katika shamba la mkonge enzi hizo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama suti juu hadi chini, akauliza nani kafariki.

Alasiri nikahutubia. Mada: Maendeleo na Wewe. Nilisimama juu ya sanduku uwanjani. Walikuja mbuzi, na bibi mmoja aliyewafuata mbuzi. Bibi akakaa chini, akanisikiliza mpaka mwisho, hakupepesa jicho. Moyo ulijaa! Nilipomaliza nikauliza kama ana swali. Akasema analo. Sanduku langu limekalia kamba ya mbuzi wake, nitashuka lini?

Huyo ndiye Bi Semeni. Mzee Idarusi amenieleza baadaye kwamba ni mkuu wa Nyota, chama cha ngoma cha wanawake. Hapa kila mwanamke ni wa Nyota au ni wa Marijani, na Marijani mkuu wake ni Bi Mwanatumu. Vyama hivi havijaazimana hata kinu tangu harusi fulani ambayo hakuna anayetaka kuisimulia.

Ijumaa, 7 Juni

Msiba! Noorali yuko hapa! Amekuja kwa baisikeli, shati limelowa jasho, anacheka. Asema hakujua kuwa nami nimechagua Kigombe. Wanawake wa hapa hununua kanga kwa baba yake, nao ndio waliomwalika. Wamemwalika! Mimi nilijialika mwenyewe, na sioni kwa nini hilo lihesabiwe kuwa dogo.

Baada ya swala watu walikusanyika barazani kwa Mzee Idarusi. Noorali hakuhutubia. Hakuwa hata na mada. Aliwauliza tu, "Mngependa nini kifanyike?" Kisha akanyamaza! Ukimya ulivyozidi nilitaka kumwokoa, lakini Mzee Idarusi alinishika mkono, na mkono wake bado una nguvu ya mkonge.

Basi yakatoka. Bi Semeni ndiye aliyesema. Mtoto akiugua, au mama akikaribia kujifungua, hubebwa mpaka barabara kuu kungoja basi. Mwaka jana binti ya Bi Mwanatumu alijifungulia pale barabarani. Mtoto hakuishi. Bi Mwanatumu alikuwa ameketi upande wa pili, akainamia ushungi wake. Hata mimi niliisahau hotuba yangu kwa kitambo.

Nesi wa Tanga amekwisha kuahidi kuja kila Alhamisi kupima watoto na wajawazito, ila apatiwe chumba chenye paa. Wanaume wakasimika nguzo. Hapo Nyota na Marijani wakagombana: nani asuke makuti ya mbele, penye kuonekana, na nani ya nyuma. Nguzo zimesimama hivyo tangu kabla ya Ramadhani. Kuku hulala juu yake.

Noorali amesema yeye atasaidia kukandika udongo. Kwa mikono! Msomi! Mimi nimepata mpango ulio bora zaidi.

Jumamosi, 8 Juni. Tanga

Nimekuja mjini mara moja kumwona nesi. Kumbe nesi ni Bibiana! Tulikuwa majirani Mabawa. Wazee wake ni Wakatoliki waliokuja kukata mkonge, na sisi Walutheri wa milimani, na yeye alikuwa akinipiga bila kujali dhehebu. Sasa amevaa nguo nyeupe na anatisha zaidi.

Nikamwambia nyumba ya Kigombe iko tayari.

Huo si uwongo hasa. Ni ukweli uliotangulia. Hoja yangu ni hii: mtu akijua mgeni yuko njiani, hufagia. Kigombe hawakukosa makuti, wamekosa mgeni.

Bibiana akauliza kama paa lipo. "Paa? Utalipenda!" Na kuta? "Utazishangaa!" Akafurahi mno. Akasema basi atakuja Alhamisi hii hii na mizani yake, na atawapelekea habari wajawazito wa vijiji vyote vya njia ile. Akasema nimebadilika sana. Nilitoka pale kama sikanyagi chini.

Jumatatu, 10 Juni. Kigombe

Nimewatangazia habari njema. Haikupokelewa hivyo.

"Alhamisi hii, mwanangu?" akauliza Bi Semeni. Nikasema ndiyo. "Wajawazito wa watu watembee juani, waje wapimwe chini ya kuku?" Nikasema, kwa maneno mengine, ndiyo. Akaniambia ya kwamba hata mbuzi wake, aliye mpumbavu kuliko mbuzi wote wa pwani hii, hajawahi kumwita fisi aje kula kabla hajazaa. Sikuuelewa vizuri mfano huo, lakini watu wote walionekana kuuelewa.

Noorali hakunicheka. Ameniudhi zaidi kwa hilo. Alisema tu kwamba kwa kuwa nesi anakuja, tuanze. Akaenda kuchimba udongo na wanaume.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimetumia akili, maana naona wengine wanatumia majembe.

Asubuhi nikamwendea Bi Semeni. Nikamnong'oneza kuwa Marijani wamekwisha kusuka makuti lundo zima, nao wanasema mikono ya Nyota ni ya kushikia vikombe tu. Kisha nikamwendea Bi Mwanatumu. Nikamnong'oneza kuwa Nyota wanasema makuti ya Marijani yanafanana na kiota cha kunguru. Saikolojia! Kabla ya adhuhuri makuti yalikuwa yakisukwa kila ua kama vita imetangazwa. Nikaketi kivulini kufurahia matunda ya elimu.

Bahati mbaya kisima ni kimoja.

Walikutana pale, nami nikiwa karibu, nakunywa dafu. Bi Semeni akauliza, kwa sauti ya kufikia msikitini, nani kasema habari za vikombe. Bi Mwanatumu akauliza, kwa sauti ya kufikia Pangani, nani kasema habari za kunguru. "Mie?" "Na mie nimesema lini?" Wakatazamana. Kisha, polepole, wote wawili wakageuka kunitazama mimi.

Sijapata kuona mapatano ya haraka namna ile. Bi Mwanatumu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaliegemea bega la Bi Semeni, na Bi Semeni hakuliondoa bega lake. Mzee Idarusi aliyekuwa akipita na jembe alisimama kama ameona mwezi mchana.

Halafu ikatoka hukumu. Nivue viatu. Udongo haujikanyagi wenyewe.

Nimekanyaga udongo mpaka magharibi, na suruali ya suti. Wanawake walikuwa wakipita na ndoo za maji, Nyota na Marijani mstari mmoja, wakiniimbia:

Bwana msomi, kanyaga, kanyaga,
Maneno yako hayashiki ukuta.

Kuna beti nyingine. Sitaziandika.

Jumatano, 12 Juni

Naumwa mahali ambapo sikujua kuwa ni pangu. Lakini nyumba inasimama! Wanaume wamemaliza fito na boriti. Noorali yuko juu ya paa anaezeka, amechomwa na jua, bado anacheka. Makuti ya Nyota na ya Marijani yamechanganywa, hayatambulikani. Hakuna tena mbele wala nyuma.

Mchango wangu wa leo: kibao. Nimekichora kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, jina langu na neno MWANZILISHI. Nikampa Bi Semeni akitundike mahali pa heshima. Akakigeuzageuza, akasema ubao ni mzuri, mgumu, hauna mdudu. Akautia kwenye mlango wa choo, palipopungua ubao. Jina limeelekea ndani.

Alhamisi, 13 Juni

Walikuja wengi! Wamefunga watoto migongoni, wametoka vijiji vya jirani, wengine kambi za mkonge. Bibiana alishuka na mizani, akaingia, akatazama paa, akaridhika, akaegemea ukuta. Ukuta ulikuwa bado mbichi. Alipogeuka, mgongo wote mweupe ulikuwa mwekundu wa udongo. Akauliza nyumba ilimalizika lini. Nikakumbuka utoto wetu nikasimama mbali.

Kazi yangu ilikuwa kushika watoto waliongojea zamu. Mmoja amenikojolea. Binti ya Bi Mwanatumu naye alikuwamo mstarini. Ni mjamzito tena. Mama yake alimshika mkono muda wote, kama mtoto anayevushwa barabara.

Mchana akafika mama mmoja wa kambini, Benedikta, ametembea peke yake. Alisema kichwa kinamgonga kidogo tu, na macho yana ukungu. Bibiana akambonyeza mguu, kidole kikazama na shimo likabaki. Uso wa Bibiana ulibadilika. Akasema huyu hatalala hapa; aende hospitali Tanga sasa hivi. Na basi lilikwisha kupita!

Noorali akamchukua Benedikta kwa baisikeli, anaisukuma, Bi Semeni upande huu na Bi Mwanatumu upande ule. Mimi nikatangulia mbio barabara kuu kutafuta gari. Njiani nikatunga uwongo mzuri sana: kwamba mgonjwa ni dada wa bwana mkubwa fulani, na asiyesimama atafukuzwa kazi. Lori la mkonge likatokea. Nikasimama katikati ya barabara, mikono juu. Dereva akafunga breki akanitukana. Nikafungua kinywa kutoa uwongo wangu, lakini pumzi zilikuwa zimekwisha. Kilichotoka ni, "Kuna mama... mjamzito... atakufa."

Dereva akanitazama. Akafungua mlango. "Mpandisheni," akasema. "Mbona mnachelewa?"

Bila shaka aliiona ile tai yangu.

Jumapili, 16 Juni. Mabawa

Bibiana amepita nyumbani baada ya misa. Benedikta amejifungua salama! Uvimbe unapungua, macho yanaona. Mtoto ni wa kike, kwa hiyo wazo langu la kumpa jina langu, Methusela, halikufika mbali. Mama alipiga vigelegele, akampa Bibiana chai. Bibiana akanigeukia akasema nikimdanganya tena atanipiga, kisha akasema kuwa Alhamisi ijayo anahitaji mtu wa kushika watoto. Nimesema nitatazama nafasi yangu. Nafasi ninayo.

Baadaye akaja Noorali. Pendekezo lake: tukirudi chuoni tuhutubie pamoja, tuseme nyumba imejengwa na wanawake wa Kigombe, na tuwaombe wakuu kila likizo wapeleke wanafunzi kwa watu, waulize kwanza ndipo wafanye. Yeye atangulie kurudi Kigombe wiki hii kuwauliza kama wanakubali tuwasimulie. Ni jambo jema, siwezi kukataa. Nimekubali, kwa sharti kwamba nianze mimi.

Mwalimu alitutaka pia tuseme tumejifunza nini. Nimelitafakari hilo kwa dhati, tangu chakula cha mchana. Watu walisuka kwa nini? Nesi alikuja kwa nini? Benedikta yu hai kwa nini? Kwa sababu mimi nilitangaza kwamba nyumba iko tayari! Kosa langu ni moja tu: nilichelewa kutangaza.

Leo kanisani mchungaji alitaja kijiji cha babu, huko milimani, ambako watoto hawafiki shule mvua ikinyesha kwa ajili ya mto. Hawana daraja. Mkaguzi wa shule alikuwa ameketi benchi la mbele yangu. Ibada ilipokwisha nikamwamkia, nikamwarifu kwamba daraja limekwisha, la mawe, na apite Ijumaa alikague.

Kesho asubuhi napanda basi la huko. Nina hamu kubwa ya kuliona.