Malalamiko juu ya Bilauri Yangu na Mjukuu Wangu Chausiku

Rumonge, Mfunguo Tatu, 1911

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma, Usumbura,

Salamu zikutangulie, shida zangu zifuate. Mimi ni Mwalimu Asmani bin Mbaraka, mzee ambaye sasa hata kanzu inanilemea. Siku zangu ni chache, kwa hiyo naomba amri itoke upesi: watoto wa Rumonge wakatazwe kuchezea maji nyumbani. Sababu ni hizi.

1. Mjukuu wangu Chausiku, mwenye miaka sita, hutia mayai ndani ya maji. Jipya huzama, bovu huelea. Wauza mayai wamehamia Minago, nao walinipita mlangoni bila salamu.

2. Kisha hukoroga chumvi nyingi, na yai jipya nalo huelea. Nilimwambia ni kazi ya shetani. Akasema, "Hapana, Babu, ni ya chumvi. Onja." Nikaonja. Mimi, mwalimu wa miaka arobaini!

3. Hili ndilo linaloniua. Hapa mtu akishukiwa wizi huletwa kwangu. Nabana pamba ndani ya bilauri, kwenye kitako, naifudikiza na kuizamisha katika chungu cha maji. Pamba ikitoka kavu, mtu ni safi. Ikilowa, ni mwizi. Ijumaa iliyopita, mbele ya watu, Chausiku alipaza sauti: "Babu, unainamisha! Ukiinamisha, hewa inatoka, maji yanaingia!" Akaichukua, akaonyesha: wima, kavu, upande, chepechepe. Watoto wote wakakimbilia vyungu vya mama zao.

Kweli, Bwana, nainamisha. Miaka kumi na miwili iliyopita nilimlowesha Alimasi mvuvi kwa ajili ya wavu wa Radjabu uliopotea, kwa kuwa tu alicheka nilipokuwa nahutubu. Baadaye niliuona wavu huo chini ya mtumbwi mbovu wa Radjabu mwenyewe, alikousahau. Nikanyamaza. Mpaka leo Alimasi akipita ufukweni, wanawake hukusanya ndagala zao, vile visamaki walivyoanika mchangani, hata zikiwa mbichi.

4. Watoto wakizoea kujaribu kila neno la wakubwa, kesho watatumbukiza amri za Boma chunguni waone kama zinaelea. Hapo sote tutalowa, nawe ukiwemo.

Basi zuia maji, au zuia watoto, lolote lililo jepesi kwako. Nisalimie karani, askari wote, na mpishi anayekuchagulia mayai.

Ni mimi, niliye karibu na kaburi kuliko na Usumbura,
Mwalimu Asmani bin Mbaraka

Nyongeza: Barua hii imekawia siku mbili. Jana niliwaita watu, nikakiri habari ya wavu, nikaweka pamba kwa ajili yangu mwenyewe. Nikampa Chausiku bilauri, nikamwamuru aiinamishe, ili nionekane nilivyo. Alimasi akaushika mkono wa mtoto, akaunyoosha wima. "Wacha, mama," alimwambia. "Muzee asikufe na baridi." Pamba ikatoka kavu. Watu wakacheka, nami nikalia. Kwa hiyo ichane barua hii, na ukiweza tuletee bilauri ya pili. Hii anayo Alimasi tangu asubuhi, na watoto wanangoja zamu.