Injini ya Baba Kabla Nuala Hajafika

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Injini imerudi! Fundi wa mjini ameifumua yote, ameiunda upya, na leo imenguruma mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu Baba afariki. Nimelia kidogo. Fundi alidhani ni moshi. Nikamshika mkono kumshukuru, nikamshukuru tena, mpaka akaomba nimwachie aende akale.

Tatizo moja tu. Ni chafu mno. Grisi ya miaka arobaini, na rangi ya zamani inabanduka vipande vipande. Trekta lenyewe nimeshalipaka kijivu chake. Imebaki injini. Na dada yangu Nuala anatua Jumamosi kutoka Boston, baada ya miaka ishirini na sita, aende na trekta la Baba hadi makaburini kwa wazazi. Tangu mwaka juzi namwandikia kwamba limekwisha kutengenezwa, linang'aa, watu wanasimama barabarani kulitazama. Nilitaka afurahi.

Mpango: jirani yangu Fintan Cotter ana mashine ya kuoshea kwa maji ya moto. Lakini Fintan ndiye hushinda kombe la matrekta ya zamani kila mwaka. Akijua injini yangu ilivyo, parokia nzima itajua kabla ya misa. Kwa hiyo nikamwambia nataka kuosha banda la ndama. Akaja na mashine. Badala ya kuniachia, akavua koti! Tumeosha banda la ndama kwa saa tatu, kuta, dari, mpaka bawaba za mlango. Kisha akaondoka na mashine yake. Hata hivyo nashukuru. Banda halijawahi kuwa safi hivi.

Jumanne, 8 Agosti

Nimeiosha injini kwa mikono. Soda kali, maji ya moto, burashi ya waya, na kisu cha Mama cha siagi cha kukwangulia pembeni. Matundu yote lazima yazibwe maji yasiingie ndani. Sikuwa na vizibo. Nikachonga viazi vipya! Vitano, kila tundu na kiazi chake. Hakuna tone lililopita. Sijui kwa nini vitabu vya ufundi havisemi neno juu ya viazi.

Soda imenichubua mikono vibaya. Jioni wakati wa kukamua nikapaka yale mafuta mazito tunayopaka chuchu za ng'ombe. Nafuu ya ajabu! Ahsante Mungu kwa ng'ombe na kila kilicho chao.

Jumatano, 9 Agosti

Msasa mchana kutwa. Chuma sasa ni cheupe, kitupu, safi. Nimeipapasa injini yote kwa viganja kutafuta vumbi, kila kona, kama mtu anayemsugua farasi. Mikono laini kabisa. Nimepaka mafuta mara nne.

Saa kumi Fintan akachungulia mlangoni. Nikairushia injini blanketi. Nikasema ni ndama mgonjwa, amelala. Akauliza anaumwa nini. Tumbo, nikasema. Akalitazama lile blanketi muda mrefu, akasema maskini, apone haraka, akaenda zake. Nimemshinda!

Alhamisi, 10 Agosti

Asubuhi nimekuta chupa ya dawa ya ndama mlangoni. Sikuijali.

Nikapulizia rangi. Msiba! Rangi inakimbia chuma. Inajikusanya, inaacha vijishimo kama macho ya samaki, mamia, injini nzima inanitazama. Nikafuta yote kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi. Nikapapasa tena kwa makini zaidi, kila mahali. Nikapulizia. Macho maradufu!

Hii si bahati mbaya. Hii ni kazi ya mtu. Nani alisimama mlangoni jana? Nani hataki kushindwa? Atakuwa amenyunyiza kitu.

Saa mbili usiku simu. Nuala. Hafiki Jumamosi tena, atafika Jumatatu. Nikauliza kwa nini. Akasema mambo ya tiketi tu, na akaniuliza kama ninalala vizuri. Siku mbili zaidi! Nimewasha mshumaa mbele ya Bikira Maria, na mwingine kwa ajili ya shirika la ndege.

Ijumaa, 11 Agosti

Mpango: rangi ya Fintan haina dosari, kwa hiyo nitumie ya Fintan. Nikavizia akiwa anakunywa chai. Nikaingia ghalani kwake, nikatoka na kopo chini ya koti. Fintan huyo hapo, kaegemea lango, kikombe mkononi.

Nikaona heri nishambulie kwanza. Nikamwambia mharibifu mkubwa we, umeninyunyizia nini kwenye injini? Akauliza, injini ipi? Si ulikuwa na ndama?

Nikalibana kopo kwapani.

“Malachy bwana,” akasema, “mimi nimefuga miaka hamsini. Sijaona ndama mwenye puli ya feni.”

Kumbe blanketi lilikuwa fupi. Akanitaka nimwonyeshe mikono. Akainusa. Ndipo alipoanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagika yote. Akasema, “Mtu mzima unaipaka injini mafuta ya ng'ombe, halafu unaiuliza rangi kwa nini haishiki!”

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilimrudishia kopo. Akasema nilishike hivyo hivyo, lilikuwa la kwangu, alilichanganya tangu majuzi.

Jumamosi, 12 Agosti

Fintan alifika kabla ya kukamua, na glavu za mpira jozi mbili na matambara ya pamba yaliyofuliwa. Akaniamuru nivae na nisiguse hata pua yangu. Tumevua rangi yote, tumefuta kwa thina mara tatu, tumebandika karatasi kila pasipotakiwa rangi. Viazi vyangu akavitazama sana. Akasema hilo ni jambo la akili. Fintan Cotter kasema!

Rangi ya msingi, tukangoja. Kijivu, tukangoja. Imelala kama krimu juu ya maziwa. Hakuna jicho hata moja. Tulikaa kwenye ndoo, tukala mkate na nyama ya nguruwe, tukaitazama tu. Nikamwambia nashukuru. Akasema nyamaza, unapuliza vumbi.

Jumapili, 13 Agosti

Misa. Viazi vitano vimetoka, tumevihesabu. Injini imefungwa mahali pake. Imewaka nilipozungusha mpini mara ya pili.

Jumatatu, 14 Agosti

Nuala amefika! Nywele nyeupe, kicheko kile kile. Hakuingia hata ndani, alikwenda moja kwa moja kwenye trekta. Akaweka kiganja juu ya injini, akasema Baba angevua kofia. Tukalia wote wawili, na safari hii hapakuwa na moshi.

Baada ya chai akaniambia. Fintan ndiye aliyempigia simu Jumatano na kumwomba asogeze safari, akisema kaka yako anajitesa na atakufa kabla ya kukwambia ukweli. Mimi nikawashia mshumaa ndege! Nimekwenda kwa Fintan kwa miguu, nimemshukuru mbele ya mkewe. Nimeapa kwa Nuala: uongo basi, mpaka kaburini.

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Nuala aliendesha, nami nimesimama nyuma yake, kama nilivyokuwa nikisimama nyuma ya Baba. Watu walisimama barabarani kututazama. Kweli walisimama! Makaburini sikuweza kusali vizuri. Nilisema ahsante tu, ahsante, ahsante, mpaka Nuala akanishika bega. Sina siku nyingine nzuri kama hii.

Njiani kurudi akaniuliza juu ya mashine ya Baba ya kupura ngano, ile niliyomwandikia Krismasi kwamba nayo imekwisha kutengenezwa. Anakaa mpaka mwisho wa mwezi, anataka kuiona ikipura.

Kuku wanatagia humo. Kuna mti umeota katikati.

Nikamwambia imebaki rangi. Na si uongo! Rangi imebaki. Pia mbao, mikanda na magurudumu mawili.

Fintan anayo kama ile, nyekundu, nzima, nyuma ya ghala lake. Kesho anakwenda mnadani kuuza ng'ombe, hatarudi kabla ya jioni. Namshukuru Mungu kwamba sasa nina trekta la kuivutia hadi kwangu.