Beberu Inspekta na Jeli Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Nimetoka hospitalini na jeli. Ndani yake mna estrojeni, homoni ambayo mwili wangu umeacha kutengeneza bila hata kuniuliza. Mwaka mzima nimewaka moto. Jikoni, shambani, hata kwenye manyunyu ya Julai. Jana katikati ya mahubiri nilivua sweta, nikavua leso ya kichwa, nikaanza kufungua vifungo vya blauzi. Mutembei akanikanyaga mguu. Huyo ni mume wangu. Husema machache.

Daktari Kathure ni msichana mdogo, alisoma na Lennox wangu. Aliniuliza maswali mpaka nikachoka. Kama nimewahi kuwa na uvimbe kwenye titi. Kama damu imewahi kuniganda mguuni. Kama ini ni zima. Nilidhani ananiandikisha jeshini!

Kisha masharti. Nibonyeze chupa mara moja tu kwa siku. Nipake mkono wa juu au paja. Niache ikauke, ninawe viganja, nifunike kwa nguo, na asiniguse mtu mahali pale. Tena kuna vidonge vya kumeza kila jioni, kwa sababu bado nina mfuko wa uzazi, na estrojeni ikiachwa peke yake huufanya ukuta wa ndani unenepe vibaya. Nikiona damu, hata kidogo, nirudi mara moja. Na nisimgawie mtu, kwa maana kila mwanamke lazima aulizwe maswali yake mwenyewe.

Niliitikia kila neno. Nimeshika ya maana. Ni ya kupaka, na inapoza.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Nimefikiri. Kubonyeza mara moja ni kwa wanawake wa ofisini. Mimi napanda mteremko na mzigo wa majani ya nepia ya mbuzi mgongoni. Nimebonyeza mara tatu asubuhi, na jioni nikaongeza kidogo ya kulalia. Vidonge nimeviweka nyuma ya kopo la majani chai. Vinaleta usingizi, na sioni kwa nini ugonjwa mmoja utibiwe na dawa mbili. Kuhusu kufunika: mtu anayeungua havai mikono mirefu!

Nikatoka moja kwa moja kumlisha Inspekta.

Inspekta ndiye beberu wa kikundi chetu cha mbuzi wa maziwa. Kikundi kina beberu mmoja tu. Analelewa kwa mwanachama mmoja, na wengine wote huleta mbuzi wao kupandishwa hapo. Anayemlea huitwa Mama Beberu. Hukaa kiti cha mbele mkutanoni. Hakuna anayekuja kwake mikono mitupu: atakuja na ndizi, atakuja na maharagwe ya njahi, na zaidi ya yote atakuja na habari. Kabla Inspekta hajaletwa hapa, watoto walikuwa wameshaondoka wote, na wiki nzima ilikuwa inapita bila mtu kubisha hodi. Nilikuwa naongea na sufuria. Sirudi huko. Nasema ukweli wangu, sirudi.

Siri yangu ni chumvi. Wengine humvuta beberu kwa kamba. Mimi humpa mikono alambe jasho, naye hunifuata popote. Tangu joto hili lianze nina chumvi ya kutosha zizi zima. Leo alinilamba kutoka kiwiko hadi begani. Naona jeli nayo ameipenda.

Jumapili, tarehe 16 Februari

Nalala! Naamka nikiwa mkavu! Ngozi inang'aa.

Ruguru ameona. Huyu Ruguru ametoka Kanja, kule Embu, akaolewa hapa juu ya barabara ya Nkubu, na tangu siku hiyo hafungui mdomo bila kusema kwetu Kanja. Kwetu Kanja mbuzi hunyweshwa hivi. Kwetu Kanja beberu hazururi. Anamtaka Inspekta, kila mtu anajua. Baada ya misa alinishika mkono akauliza Mama Lennox anapaka nini siku hizi. Nikamwambia ni losheni, mpwa wangu huniletea kutoka Dubai. Sina mpwa Dubai. Alivyouachia mkono wangu, nilishiba.

Mutembei analalamika kwamba kifua kinamuuma, hawezi kuvaa mkanda wa pampu ya kunyunyizia kahawa. Nimemwambia ni uzee. Kila jioni namsugua mgongo na kifua kwa viganja vyangu mwenyewe, na bado anaguna. Wanaume hawana shukrani.

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Aibu. Aibu kubwa.

Ruguru alileta mbuzi wake aliye kwenye joto, anapiga kelele tangu barabarani. Nikamfungulia Inspekta kwa madaha. Inspekta akamtazama yule mbuzi. Akamnusa kidogo, kwa heshima, kama mtu anayesalimia matangani. Kisha akaja akalala miguuni pangu.

Tukamsukuma. Akalala tena.

Ruguru akasema kwetu Kanja beberu wa namna hiyo huliwa Krismasi. Nikasema Inspekta amechoka, jana alikuwa na kazi nyingi. Jana hakuja mtu. Ruguru anajua hakuja mtu, maana hukaa mlangoni kwake akihesabu wapita njia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata dawa ya uchovu! Nilimpa Inspekta miraa ya Mutembei, kifurushi chote. Alikula na majani na vijiti. Matokeo: hakulala, nasi hatukulala. Alilia mpaka alfajiri. Lakini alipoletewa mbuzi asubuhi alisimama tu, macho yamemtoka, akiwaza mambo yake.

Mutembei aliuliza miraa yake iko wapi. Nimesema ni panya.

Mchana nikamwita Bwana Njiru, afisa wa mifugo. Akamgeuza Inspekta, akampapasa. Akampapasa tena. Akasema hajawahi kuona. Chuchu zimevimba kama za mbuzi jike mwenye mimba, na zile mali zake nyingine zimesinyaa. Akaniuliza anakula nini.

Hapo nikaona mlango, nikaingia. Nikasema anakula majani ya kaliandra kutoka shamba la Ruguru. Kweli aliwahi kuniletea mzigo Januari. Sikusema Januari.

Jioni habari ilikuwa imefika Nkubu sokoni. Naipenda kazi ya Bwana Njiru. Ana mdomo mwepesi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mkutano wa kikundi, chini ya mwenyekiti wetu Mzee Murungi. Nilivaa gauni la bluu, la mikono mifupi. Nikasimama nikaeleza kwa huzuni jinsi kaliandra ya mtu fulani, sitamtaja, ilivyomharibu mnyama wetu. Wengine waliguna kwa uchungu. Nilikuwa nimeshinda.

Ruguru akainuka polepole. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Akasema kama kosa ni la kaliandra yake, basi yeye hataki kukisumbua kikundi kwa maneno. Inspekta apelekwe kwake, ale kaliandra hiyo hiyo, asubuhi na jioni, wote wakiona. Akizidi kuharibika, yeye mwenyewe atanunua beberu mwingine. Akipona, abaki.

Walipiga makofi! Mzee Murungi akasema hiyo ni hekima. Nilitafuta neno la kupinga, na kila nililolipata lilikuwa linanirudia mwenyewe.

Walimchukua saa ile ile. Alikataa kuondoka. Akanigeukia, akanilamba mkono, nikaingia ndani nisionekane. Nimelia mpaka kichwa kinauma. Kiti cha mbele kimekwenda. Mlango umefungwa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Damu.

Kwanza nilicheka. Nikasema tazama, ujana umerudi! Nilitaka kumwambia Mutembei tujaribu bahati tena. Kufikia mchana imezidi, na sicheki. Nikakumbuka Daktari Kathure alivyoinua kidole aliposema neno lile. Nikakumbuka shangazi yangu wa Kiirua, alivyoficha ya kwake mpaka ikawa haina dawa.

Naogopa. Sitamwambia mtu. Nitakunywa maji ya ndimu na kukaa kimya, itakwisha.

Mutembei ameona kitambaa nilichoficha. Amevaa koti. Amesema twende.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimepimwa kwa mashine, na kipande kidogo kimetolewa ndani kipelekwe maabara. Tungoje.

Daktari aliuliza vidonge viko wapi. Nikamjibu viko mahali salama. Akasema vidonge viko salama, ila mimi siko. Hiyo ndiyo kazi ya vile vidonge, akasema, kuulinda mfuko wa uzazi. Na jeli haifanyi kazi mara tatu kwa sababu umeibonyeza mara tatu. Unaongeza hatari tu. Ukiona imeshindwa kupoza, unarudi kwa daktari, hujiongezei.

Kisha akauliza kama kuna mtoto mdogo nyumbani anayenigusa mikono. Nikasema hakuna, ni Inspekta tu, naye hanigusi, hunilamba. Akauliza Inspekta ni afande wa wapi. Nilipomweleza, aliweka kalamu chini akatazama dirishani kwa muda mrefu. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nadhani ni kikohozi.

Alipotugeukia mimi na Mutembei hakuwa anacheka. Akasema jeli isiyokauka na isiyofunikwa huhamia kwa yeyote atakayeigusa, na kwa ulimi ni vibaya zaidi. Beberu alikuwa anakula dawa yangu kila asubuhi. Na mume, je, namgusa kwa viganja visivyooshwa?

Mutembei akatazama kifua chake. Akanitazama mimi. Akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

Basi ni mimi niliyemharibu Inspekta. Dhamiri imeniambia niende kwa Mzee Murungi nikaeleze, na nimwombe Ruguru radhi. Nimeiambia dhamiri ingoje majibu ya maabara. Mtu anayeweza kufa hasumbuliwi na mambo ya mbuzi.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Si ile ya shangazi! Daktari amesema ukuta ulikuwa umenenepa, lakini hakuna ubaya ndani. Nilikaa kwenye korido nikalia kwa sauti, na wagonjwa wengine wakanisogezea benchi. Mutembei alinishika bega kupitia koti, kwa uangalifu.

Nimeapa mbele ya Mungu na Mutembei. Kubonyeza mara moja. Pajani. Ikauke. Gauni refu juu yake. Sabuni kwenye viganja. Kidonge kila jioni, hata kikinilaza mezani. Sitasahau tena maisha yangu yote. Mimi sasa ni mwanamke aliyefunzwa.

Dhamiri imenikumbusha kuhusu Mzee Murungi. Nimeona nisimsumbue, mvua za kupanda zimekaribia.

Jumapili, tarehe 27 Aprili

Inspekta amepona. Amevunja ua wa Ruguru na kuwafuata mbuzi wa jirani hadi mtoni. Kikundi kizima kinaimba sifa za kaliandra ya Kanja. Kanisani Ruguru hukaa mbele. Kwangu haji mtu. Tangu Machi nimekuwa nikiongea na sufuria.

Kisha leo, katika mvua, hodi! Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu kimoja.

Ni Ruguru. Alikaa akijipepea kwa daftari la nyimbo, jasho linamtiririka shingoni, na nje baridi ya kuuma mifupa. Nikajua kabla hajasema. Akasema halali. Akasema analia bila sababu, na mumewe amehamia chumba cha wageni. Akasema kwetu Kanja mama yake hakuwahi kulitaja jambo hili, kwa hiyo hajui hata alitaje vipi. Ananyamaza nalo kanisani, ananyamaza nalo nyumbani. Akaniita dada. Hajawahi kuniita dada. Akaniomba, kama si kumsumbua sana yule mpwa wangu wa Dubai, tone tu la losheni.

Nililia naye. Machozi ya kweli. Hakuna mwanamke kwenye mteremko huu anayeyajua hayo kunizidi mimi.

Nikaingia chumbani nikamjazia kopo, la mafuta ya kupaka yaliyokwisha. Nikamweleza kwa upole wa dada. Apake mikononi, kwa wingi, asubuhi, kabla tu ya kumlisha Inspekta. Hakuna haja ya kungoja ikauke. Avae mikono mifupi, ngozi ipumue. Inspekta akitaka kulamba, amwachie, mnyama hupenda chumvi. Akauliza kama aende hospitali kwanza. Nikamwambia kule wanauliza maswali mengi. Vidonge sikuvitaja, angeanza kuuliza ni vya nini.

Alinikumbatia mlangoni, akasema sijui ningefanyaje bila wewe. Nikamnyooshea mwavuli.

Nimekadiria mwezi mmoja, labda kasoro. Kesho namtuma Mutembei alete mbao, kibanda cha Inspekta kinavuja upande wa mlangoni.